Motokaa Kuukuu ya Lionja

Wengi wenu mwaijua Nachingwea kwa habari za karanga na korosho, na Ruangwa kwa habari za ufuta. Lakini Lionja, iliyo katika wilaya ya Nachingwea, huenda wengine hamjapata kuisikia. Sisi tumesomesha watoto Kurani katika kijiji hicho tangu mwaka 1996. Ni nchi ya mikorosho na mbaazi, yenye vumbi wakati wa kiangazi na utelezi wakati wa masika, na wenyeji wake kwa wingi ni Wamwera, wamechanganyika na Wayao, Wamakua na Wamakonde. Twataka kuwaeleza habari ya motokaa moja kuukuu iliyofufuliwa hapa kwetu, na jinsi ilivyotupeleka mahali ambapo hatukuwa tumekusudia kwenda.

Yafaa ifahamike kwanza kwamba nchi hii haikuanza leo kuzoeana na vyuma vya kigeni. Baada ya vita vya pili vya dunia serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa kulima karanga katika Tanganyika, mwaka 1947, kwenye sehemu tatu: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Mashine zilikuwa haba duniani, basi wakaokota mabaki ya vita. Hata vifaru vya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta katika kiwanda cha Vickers-Armstrongs huko Uingereza, na matrekta hayo yakaitwa Shervick. Mradi ulishindwa, ukavunjwa mwaka 1951, na reli iliyojengwa kwa ajili yake kutoka pwani hadi Nachingwea nayo ikang'olewa katika miaka ya 1960. Kilichobaki ni ufundi. Vijana waliokuwa wakishika spana katika karakana za karanga waliwafundisha wengine, na wale wengine wakafundisha wengine. Na fundi aliyetusaidia sisi husema kwamba mwalimu wa mwalimu wake alikuwa mtu wa karanga. Elimu ya spana nayo ina isnadi yake.

Sasa tuje kwenye motokaa yenyewe. Ilikuwa ni Land Rover 109 ya dizeli, iliyotengenezwa mwaka 1974, yenye karai wazi nyuma. Mwenyewe alikuwa mzee wa hapa kwetu aliyeinunua mnadani mwaka 1989, akaitumia kubeba korosho, wagonjwa, maharusi na maiti, mpaka ilipomfia mwaka 2004. Aliisukuma chini ya mkorosho nyuma ya nyumba yake, na hapo ikakaa. Mzee alifariki mwaka 2016, Mwenyezi Mungu amrehemu. Mwaka 2021 wakaja wanunuzi wa vyuma chakavu na mizani yao, wakitaka kuikata vipande na kuipima kwa kilo. Wanawe wawili wa kiume walikuwa radhi. Sisi tukaona uchungu, tukaenda kwao jioni ile ile, tukapatana shilingi 1,500,000, na kila mmoja akapokea 750,000 mbele ya mashahidi wawili.

Haja yetu ilikuwa hii. Mama watoto wetu husomesha wanawake, naye huitwa vijiji vya mbali ambako hakuna nyumba ya wageni, na si kila mwenyeji ana chumba cha kumpa mwanamke na mumewe. Mara kadhaa alirudi bila kusomesha kwa kukosa pa kulala. Tukasema: tukiwa na gari lenye kuvuta kwa magurudumu yote manne, ambalo mafundi huliita fowili, na ndani yake mna kitanda, maji na jiko, basi tutafika, tutasomesha, wala hatutamwelemea mtu.

Kulifufua gari lililokaa miaka 17 chini ya mti si kazi ya kuharakisha. Bodi ya Land Rover za zamani ni ya alumini iliyochanganywa na madini mengine, kwa kuwa zilipoanza kutengenezwa mwaka 1948 chuma cha pua kilikuwa kikigawiwa kwa kipimo huko Uingereza. Watoto wa madrasa walikuja na sumaku waliyoitoa kwenye spika ya redio mbovu, wakawa wanaipitisha juu ya boneti, nayo haishiki; wakaipitisha kwenye chesisi, ikanasa. Darasa la siku ile halikuwa la hijai, nasi hatukuwakataza. Basi bodi ilikuwa nzima, imekunjamana tu, lakini chesisi iliyo chini yake ilikuwa imeliwa na kutu, na mahali chuma kilipogusana na alumini pameoza pote pawili, kwa sababu madini hayo mawili yakigusana penye unyevu alumini huliwa, na chuma nacho hushika kutu. Dawa yake ni kukata palipooza, kuchomelea bamba jipya, kupaka rangi ya kuzuia kutu, na kuweka kipande cha mpira baina ya madini hayo mawili. Kabla ya kuchomelea, fundi alilitoa tangi la dizeli, ambalo katika gari hili liko chini ya kiti. Asiyefanya hivyo huenda asipate nafasi ya kujuta.

Injini ni ya silinda nne, yenye sentimita za ujazo 2,286. Ilikuwa imegandamana. Fundi alimimina mafuta mepesi ndani ya kila silinda, akaiacha siku tisa, kisha akaizungusha kwa mkono kidogo kidogo kama mtu anayemwamsha mgonjwa. Siku ya kumi na moja ilizunguka. Pampu ya dizeli na nozeli zilipelekwa Dar es Salaam, na huko Gerezani tulipata mpira wa klachi, masta silinda ya breki na beringi za magurudumu, baadhi mpya na baadhi zilizotoka kwenye gari jingine. Kazi ilikwenda kwa mwendo wa mfuko wetu: tukiuza korosho twasonga, korosho zikiisha twasimama. Ilichukua miaka miwili.

Ama kuhusu vitanda, hapo ndipo tulipokosea kwanza. Mwanafunzi wetu mmoja alituonyesha picha ya Land Rover za miaka ya 1960 zilizogeuzwa nyumba na kampuni ya Martin Walter ya Folkestone, Uingereza, ambazo paa lake huinuliwa upande mmoja kama kifuniko cha sanduku, na turubai hujaza nafasi iliyobaki. Tukatamani. Seremala wetu alitengeneza paa la mbao za mninga juu ya karai, zito kama mlango wa msikiti, na nyuma tukaweka pipa la maji la lita 200. Hatukukumbuka kwamba lita moja ya maji ni kilo moja. Springi za nyuma zikalala, pua ya gari ikainuka, na usukani ukawa mwepesi hata ukatia hofu. Katika kona ya kwanza gari liliinama hata mama watoto akasoma shahada kwa sauti. Tukarudi, tukavunja. Paa la pili ni la fremu ya mabomba membamba na turubai, na maji ni madumu manne ya lita 20 yaliyolazwa chini karibu na kiti cha dereva, ili uzito ukae katikati na chini. Mbao za mninga zikawa vitanda viwili vyembamba vinavyokunjwa, na chini yake sanduku la vyombo.

Kuna watu waliotucheka, wakisema mzee mzima anacheza na kopo. Nasi tuliwasimulia habari ya Land Rover mbili zilizotoka London mwaka 1955 na vijana wa vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge, zikafika Singapore mwaka 1956. Ile iliyoitwa Oxford ilikuja kutelekezwa katika kisiwa cha St Helena, ndani ya bahari ya Atlantiki, ikachakaa kabisa. Kisha ikaokotwa, ikafufuliwa, na mwaka 2019 ikaendeshwa kutoka Singapore kurudi London. Wakanyamaza kidogo, wakaendelea kucheka.

Basi ilipokuwa imebaki kufunga kiti cha mbele, fundi alitoa katika kisanduku cha zana, chini ya kiti, kopo la chai lililofungwa kwa mpira. Ndani mlikuwa na daftari. Tulilifungua, tukaona Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, kwa mwandiko mzuri wa mtoto: siku, lita, mji, mzigo. Jumatatu, lita 20, Nachingwea, magunia sita. Alhamisi, lita 15, Ruangwa, mgonjwa, hakulipa. Kurasa na kurasa, tangu mwaka 1998 hadi 2000.

Mwandiko ule tuliujua, kwa kuwa sisi ndio tuliomshika mkono aliyeuandika. Mzee hakujua kuandika, na hesabu zake aliandikiwa na binti yake, mtoto wake wa tatu, aliyekuwa hodari kuliko wote mkekani petu mwaka ule. Baadaye aliolewa Liwale. Na siku tulipohesabu shilingi 1,500,000 mbele ya mashahidi, hapana aliyemtaja. Ndugu zake hawakumtaja, mashahidi hawakumtaja, nasi, ambao kila mwaka twawasomesha wakubwa faraidhi kutoka Sura ya Nisaa, hatukumtaja.

Hesabu yenyewe ni nyepesi hata kwa anayeanza. Mama yao alitangulia kufa kabla ya mzee. Watoto wa kiume wawili, kila mmoja mafungu mawili. Wa kike mmoja, fungu moja. Jumla mafungu matano. Sehemu moja katika sehemu tano za motokaa ile ilikuwa ya mtu ambaye hakuuza. Sisi tuliikata, tukaichomelea, tukaivisha turubai, na mali ya mtu imo ndani yake bila idhini yake. Tuliwaita ndugu zake wawili. Mmoja alisema, "Mwalimu, yule ana mume." Wa pili aliinama, na baada ya kuuza ufuta alituletea shilingi 150,000 alizokuwa amezidishiwa.

Gari lilikuwa limekusudiwa kwenda kwanza Ruangwa kusomesha. Tukaligeuza. Mwezi wa Agosti mwaka 2023 tulitoka Lionja baada ya sala ya alfajiri, sisi na mama watoto, na katika bahasha tumetia shilingi 300,000. Tulipita Nachingwea, tukashika njia ya Liwale, njia ya zaidi ya kilomita 100 ambayo kiangazi ni vumbi na masika hukatika. Vijiji vinakuwa mbalimbali, misitu inakuwa minene, na mtu huelewa kwa nini anayeolewa upande ule husahaulika upesi. Kwenye mto mkavu wenye mchanga gari lilizama hadi kwenye ringi. Tukabonyeza kirungu cha njano, ekseli ya mbele ikaanza kuvuta; halikutoka. Tukaivuta nyuma fimbo nyekundu, ambayo huingiza gia nzito, tukaachia klachi taratibu, nalo likapanda ukingo kama ng'ombe anayetoka kisimani. Usiku tulilala kando ya njia karibu na kijiji, turubai limeinuliwa, na wanawake wa pale walipomwona mama watoto wakaja kuuliza habari. Alisomesha mpaka saa tatu usiku, akiwa ameketi kwenye ngazi ya nyuma. Tulifurahi, lakini furaha ile haikukaa, kwa sababu ya bahasha.

Liwale ni mji wa kale. Boma la Wajerumani lililokuwa hapo lilichomwa na wapiganaji wa Majimaji mwaka 1905. Hatukwenda kulitazama. Tuliulizia nyumba ya binti yetu, tukaelekezwa. Alitusikia kabla ya kutuona, maana alitoka mbio na unga mikononi, akasimama. Alikuwa ameijua sauti ya injini.

"Shikamoo Mwalimu. Shikamoo Mama."

Tulimjibu, tukaketi, tukamweleza yote bila kujipamba, tukamwekea bahasha mbele yake. Hakuigusa. Akasema, "Mwalimu, mlitufundisha mkekani kwamba mtoto wa kike ana nusu ya fungu la mtoto wa kiume. Hamkutufundisha kwamba akiolewa mbali fungu lake hupotea njiani."

Hatukuwa na la kujibu ila kweli: kwamba tulisahau kuuliza, na tulisahau kwa kuwa kusahau kulitufaa, tungeuliza, bei ingechelewa na wenye mizani wangerudi.

Akainuka, akalizunguka gari polepole. Alipapasa boneti, akachungulia vitanda, akauliza ni nani aliyekata karai la baba yake na alimwomba nani ruhusa. Mama watoto akatutazama. Kisha akarudi kuketi, akaturudishia bahasha. "Sikuuza, na siuzi. Hivi vitanda na turubai ni vyenu, mmegharimia. Changu ni sehemu moja katika tano ya kile kilichokuwa chini ya mkorosho. Mkiletewa mgonjwa wa Lionja, hiyo sehemu yangu na imbebe bila malipo, kama alivyofanya baba. Na kila mwaka nataka hesabu."

Tulikubali, na mumewe na jirani mmoja wakawa mashahidi. Tukamtolea lile daftari kutoka kwenye kopo la chai. Alilishika muda mrefu, akifunua kurasa, akicheka kidogo mahali palipoandikwa "hakulipa", ambapo ni pengi. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na nafasi. Akafuta unga mikononi, akaomba kalamu, akauliza tumetumia lita ngapi. Kisha akaandika, kutoka kulia kwenda kushoto, kwa mwandiko ule ule: Jumatano, lita 30, Lionja hadi Liwale; mzigo, Mwalimu na Mama, na magodoro mawili.