Mti Hauendi ila kwa Nyenzo



Wahenga walisema mti hauendi ila kwa nyenzo. Siku hizi nyenzo ya miti mikubwa ya mjini ni kreni. Mwembe wa zamani uliozungukwa na mapaa na nyaya za umeme haufai kuangushwa mzima kama tufanyavyo shambani. Hukatwa kipande kwa kipande, na kila kipande huinuliwa na kuteremshwa mahali pa wazi.

Mtaani kwetu, mwembe wa namna hiyo uliinamia nyumba ya wapangaji sita. Kreni ilipofika, jirani mmoja alishangilia: "Hii ni ya tani 25, itaubeba wote!" Mwendeshaji, mtu wa makamo, alimjibu kwa upole kwamba tani hizo ni za mzigo ulio karibu kabisa na kreni. Kadiri mkono wake unavyonyooshwa mbali, ndivyo uwezo unavyopungua, hata zikabaki tani chache tu. Kisha akapima umbali na kufungua jedwali lake la uzito. Mwembe ulishuka kwa siku mbili, na hakuna bati lililopinda.

Mti mbichi umejaa maji. Meta 1 ya ujazo yaweza kukaribia tani nzima. Gogo lenye upana wa meta 1 na urefu wa meta 3 hupata tani 2. Asiyepiga hesabu hiyo kabla ya kukata, huenda akaijua kreni inapopindukia nyumba ya watu.

Kwa hiyo, ndugu mwananchi, zamu ya mti wako ikifika, uliza. Je, miguu ya kreni imekanyaga mbao nene juu ya ardhi ngumu, mbali na shimo la choo? Je, TANESCO wamekata umeme? Je, kipande kimefungwa juu ya kitovu cha uzito wake, na kamba kukazwa kabla msumeno haujamaliza kazi? Je, mtoa ishara ni mmoja tu? Je, watoto wameondolewa, na hakuna apitaye chini ya mzigo?

Fundi wa kweli hachukii maswali hayo. Anayeyachukia, mwambie aondoke na kreni yake. Mti uliosimama miaka mingi waweza kusubiri wiki moja zaidi. Vijana wanaoupanda na misumeno ni wafanyakazi wenzetu, nao wana haki ya kurudi kwao jioni wakiwa wazima.