Ngome Inavyoonekana Kutoka Baharini

Mgeni wa siku mbili Mombasa huelekezwa Fort Jesus, na ni haki yake. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Waomani wakaiteka mwaka 1698 baada ya kuizingira karibu miaka mitatu, Waingereza wakaifanya jela, na mwaka 2011 UNESCO ikaiingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia. Mimi nami nimewahi kulipa kiingilio, nikapanda kuta, nikapiga picha. Lakini Novemba iliyopita sikuja kutazama kuta. Mama alinituma kwa kaka yake.

Mjomba ni mvuvi wa mshipi, na umri wake umepita sabini. Anaishi Mji wa Kale, upande wa Kibokoni, chumba kimoja juu ya duka. Ujumbe wa mama ulikuwa mfupi: aache bahari, aje Voi akae nasi, chumba kipo.

Nililala kwa rafiki Kizingo, mtaa wa nyumba zenye mageti na walinzi. Asubuhi nikapita Mama Ngina kwa miguu, pale mibuyu mizee inapoitazama bahari, nikakata Treasury Square, nikaipita ngome na kuingia vichochoroni. Nilimkuta barazani na kikombe cha kahawa tungu.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba. Mamako hajambo?”

“Hajambo. Akusalimu.”

“Amekutuma.” Hakuuliza. Akainuka, akachukua kasia. “Twende. Maji yaanza kutoka.”

Tukashuka hadi bandari ya kale. Hapa ndipo majahazi ya Uarabuni na Bara Hindi yalipokuwa yakija na kaskazi, na kurudi na kusi yakiwa na boriti. Meli kubwa zilihamia Kilindini, upande wa pili wa kisiwa, na binamu yangu akazifuata: anaendesha krini huko, mshahara kila mwezi. Hakuna wa kumlaumu.

Dau lilipofika mbele ya ngome, mjomba aliacha kupiga kasia, akanionyesha maji. Chini yake, alisema, imelala merikebu ya Wareno. Ni Santo António de Tanná, iliyozama mwaka 1697 wakati wa mzingiro. Vitu vilivyotolewa humo na wapiga mbizi miaka ya 1970 nilishaviona ndani ya makumbusho, nyuma ya vioo. Sikuwahi kufikiria kwamba kuna watu wanaopita juu yake kila siku na chambo cha ngisi.

“Nyinyi mwaitazama ngome kwa mgongoni,” alisema. “Uso wake uko huku.”

Kisha akanieleza alama. Mwamba wenye samaki hauonekani kutoka juu. Unautafuta kwa vitu vya nchi kavu: mnara wa msikiti ukitokeza kwenye kona fulani ya ukuta, na mbuyu fulani wa Kizingo ukikaa sawa na kitu kingine, hapo mistari miwili inapokutana ndipo unapotia nanga. Alirithi alama hizo kwa babu. Mwaka mmoja ghorofa ilipandishwa Kizingo ikaufunika mbuyu mmojawapo, na ilimchukua msimu mzima kuupata tena ule mwamba. Akanitajia zote, moja baada ya nyingine.

“Hizi usiziandike.”

Siziandiki.

Akihamia Voi, alama hizo zitahamia naye, zaidi ya kilomita 100 kutoka kwenye maji. Hata hivyo niliona mikono yake inavyotetemeka akifunga ndoana, na nilijua mama halali usiku upepo ukivuma. Nikamfikishia ujumbe.

Alisikiliza mpaka mwisho. “Hicho chumba kina dirisha?”

“Linalo.”

“Laona nini?”

“Mlima wa Sagala.”

Akavuta mshipi kidogo. “Mlima haujai wala haupwi, mwanangu.”

Tulirudi na changu sita na tewa mmoja. Mama karanga waliokuwa wakingoja ufukoni walimgombeza kwa bei, naye akawagombeza, kisha wakanunua changu wote. Tewa tulimpika wa nazi, tukamla kimyakimya.

Usiku nikampigia mama.

“Umemwambia?”

“Nimemwambia. Haji.”

Alinyamaza muda. Nilingoja aniulize nimesema maneno gani, kwa nini sikumbembeleza. Badala yake akauliza tumepata nini.

“Changu. Na tewa mkubwa.”

“Mwamba gani huo?”

Nikamtajia jina. Mama hajapanda dau tangu aolewe, na huko Voi sijapata kumsikia akitaja habari za uvuvi. Akanitajia zile alama zote mbili, hata ule mbuyu uliofunikwa na ghorofa, akaniuliza kama bado umesimama.

Nikamwambia upo, ila kutoka baharini hauonekani tena.