Siku ya Mapumziko Huko Nafplio

Wasomaji, mimi ni mtu niliyekaa mezani pa ukarani miaka 34, na katika miaka hiyo yote sikumbuki siku niliyoketi bila kazi mkononi na moyo ukatulia. Basi binti yangu aliponichukua kumtembelea Ugiriki alikoajiriwa, aliniambia asubuhi moja, "Baba, leo hatuna haraka. Iache saa yako chumbani." Nikaiacha, lakini mkono haukukoma kuitafuta.

Tulitoka Athens kwa motokaa, na baada ya saa mbili hivi tukaingia bonde la Argos. Hapo mkulima yeyote angeomba gari lisimame. Michungwa imepandwa kwa mistari hata ukingoni mwa barabara, na juu yake, vilimani penye mawe, ni mizeituni. Nilishuka nikaushika udongo. Binti yangu akacheka, lakini alingoja.

Mji wa Nafplio u kando ya bahari, nao ulikuwa makao makuu ya serikali ya Ugiriki tangu mwaka 1829 hata 1834, kabla ya Athens. Juu yake kuna ngome iitwayo Palamidi. Watu wa Venice waliijenga kati ya 1711 na 1714, na mwaka uliofuata Waturuki wakawanyang'anya. Wenyeji husema vidato vya kupandia ni 999. Binti yangu alikwenda kuvihesabu kwa miguu. Mimi niliamua kuwasadiki wenyeji, nikapanda kwa teksi.

Humo ndani waonyesha chumba ambacho yasemekana alifungwa Kolokotronis, jemadari aliyewaongoza Wagiriki kupigana na Waturuki. Nchi ilipokwisha kuwa huru, wakuu wapya walimshitaki kwa uhaini, akahukumiwa kifo mwaka 1834, kisha akasamehewa. Mlango ni mfupi, sharti uiname sana. Niliingia nikanusa mawe yenye unyevu, na mara nikawa mtoto tena Mombasa.

Kwa maana baba yangu alikuwa askari jela katika Ngome ya Yesu. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, Waarabu wa Oman wakaitwaa 1698, na tangu 1895 ilikuwa jela mpaka 1958. Nguo za baba zilirudi nyumbani na harufu ile ile ya mawe. Hakusimulia neno hata moja la kazi yake, nasi hatukuuliza. Watoto wa jirani walikatazwa kucheza nasi. Nilipokua nami nikamwonea haya, na watu wakiniuliza kazi ya marehemu, nilijibu kwamba alikuwa mtumishi wa serikali, basi. Hata binti yangu nilimwambia hivyo hivyo.

Alasiri tuliketi gatini tukinywa kahawa nzito ambayo mzee wa Pwani asingeikataa. Mbele yetu, katikati ya maji, kuna kijingome kiitwacho Bourtzi, cha mwaka 1473. Mtumishi wa mkahawa alituambia kwamba zamani ndimo walimokaa wanyongaji wa wafungwa wa Palamidi, kwa sababu watu wa mji hawakutaka kukaa nao.

Nilikitazama kitambo. Mashua zilikuwa zikipita, watalii wakipiga picha. Nikafikiri juu ya mtu atazamaye taa za mji kila usiku kutoka huko, na mji usiomtaka unamhitaji.

"Mwanangu," nikasema, "babu yako hakuwa karani."

Akaweka kikombe chini. Nilimweleza yote niliyoyajua, nayo yalikuwa machache, na kila alichouliza zaidi sikuwa na jibu lake. Kama alikuwa mpole kwa wafungwa, sijui. Kama aliipenda kazi ile, sijui. Jua lilizama nyuma ya milima ya ng'ambo nasi tungali tumeketi, na sikumbuki kuitafuta saa yangu tena siku ile.