Trekta Linapokatwa Kiunoni

Sajini mmoja mstaafu, aliyekuwa fundi wa magari jeshini, alirudi nyumbani kwake Masindi, Uganda, akanunua trekta kuukuu aina ya Massey Ferguson 135. Aina hiyo ilianza kutengenezwa mwaka 1964, nayo ni ngumu kufa. Lakini mvua zilipokaribia, gia ya tatu ikawa yachomoka yenyewe. Mafuta ya giaboksi, ambayo katika trekta hilo ndiyo pia ya haidroliki, yalipomwagwa yalitoka meupe kama chai ya maziwa, maana maji yalikwisha ingia. Na ndani yake mlikuwa na chembe za chuma. Hapakuwa na budi kulifungua.

Mpwa wake akashika spana kwa haraka. Majirani walikuwa wakilima, na kila siku ipitayo ilikuwa hasara.

Wayatenganishe betri, mabomba ya dizeli, nyaya na fito za usukani. Hayo hayakumsumbua mzee. Mke wake alipokea bolti akazitia katika makopo ya maziwa, kila kopo na alama yake ya chaki. Magurudumu ya nyuma yakazuiwa kwa mawe. Gogo likawekwa chini ya giaboksi, jeki chini ya injini. Kijana akaanza kulegeza bolti za kiunoni.

"Acha!" akasema Sajini. "Kabari ziko wapi?"

"Mjomba, magurudumu ya mbele si yako chini? Litaangukaje?"

Lori lina fremu. Hata ukitoa injini, gari husimama. Trekta la namna hii halina. Injini, giaboksi na nyumba ya ekseli ya nyuma, vikiisha kufungwa pamoja, ndivyo uti wa mgongo wenyewe. Tena ekseli ya mbele imeshikwa kwa pini moja tu katikati, ili magurudumu yapande na kushuka matutani. Likiwa zima, upana wa nyuma hulizuia lisilale. Likikatwa, nusu ya mbele hubaki imekaa juu ya pini hiyo kama mtoto juu ya bembea, na jeki moja chini yake haiizuii kupinduka ubavu.

Sajini hakueleza yote hayo. Alisema tu kwamba katika karakana moja aliona injini ikilala, na aliyekuwa kando yake hakutoka na mguu wake. Kisha akachonga kabari mbili za mti mgumu, akazigongomea juu ya ekseli, kulia na kushoto. Kazi hiyo ilikula asubuhi nzima, na kijana alinuna.

Bolti ya mwisho ilipotoka, injini iliinama kidogo upande wa kijana. Kabari ikalia kwa sauti ya mti unaobanwa, ikashika. Kijana hakununa tena.

Siku ya kuunganisha, baada ya gia yenye meno yaliyovunjika kubadilishwa, ulibaki mwanya wa upana wa kidole. Kijana akataka kuuvuta kwa bolti. Mjomba akakataa: meno ya shafti hayajaingia, na chuma cha kalibu hupasuka kikilazimishwa. Akazungusha injini kwa mkono, polepole, huku kijana akisukuma, mpaka nyuso mbili zikakutana zenyewe.

Makopo yakamalizika moja baada ya jingine. Kabari zilitolewa mwisho.