Bwato ya baba haikuandikwa kwenye liste

Leo sina habari ya bei ya unga wala ya barabara. Wengi wenu, mkipita mbele ya parsele yetu, mlikuwa mnauliza: "Ile bwato ya mzee iko wapi sasa?" Ninawajibu hapa, mara moja kwa wote.

Bwato ni ya baba. Ni ya alumini, urefu wake karibu mita 4, bati zake zimeshikana kwa riveti. Baba alikuwa mfanyakazi wa Gécamines. Mwaka 1991, wakati wa pillage, wageni wengi walipoondoka nchini, mkubwa wake wa kazi alimwachia bwato pamoja na motere yake, maana havingeingia ndani ya ndege. Miaka iliyofuata, mishahara ilipokawia, bwato ndiyo ilitulisha. Baba alikuwa anaenda nayo kuvua samaki kwenye ziwa Nzilo, lile lililozaliwa mwaka 1952 wakati barrage ilipofunga mto Lualaba ili migodi ipate umeme. Mimi nilijua harufu ya samaki na ya esansi mbele ya kujua kusoma.

Kisha motere iliuzwa. Makuta yake ndiyo yalilipa masomo yangu ya sekondari, na yaliyobaki yakanisaidia katika kozi ya uandishi wa habari. Kwa hiyo kila mara mnaposikia sauti yangu kwenye radio, mjue kuna motere moja ndani yake. Bwato yenyewe ililala chini ya mwembe miaka mingi, ikikusanya maji ya mvua, na kuku wakataga mayai ndani yake.

Siku walipokuja kuandika mali zetu kwa ajili ya kutuhamisha, waliandika nyumba ya vyumba 3, kisima, choo na miembe 2. Baba akaonyesha bwato. Yule kijana wa karatasi akajibu kwa heshima tu: "Papa, hii inabebeka. Tunaandika visivyobebeka." Ni kweli, ilibebeka. Lakini hakuna aliyelipa gari la kuibeba. Tuliipakia juu ya kamyo pamoja na vitanda vya majirani, na ikafika huku ikiwa na tumbo lililobonyea na mshono mmoja uliofunguka.

Ninawaambia neno hili nyinyi ambao zamu yenu haijafika. Katiba yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 34, inasema mtu hanyang'anywi mali yake isipokuwa kwa faida ya wote, na baada ya kulipwa malipo ya haki kwanza. Basi mbele ya kutia sahihi, mtengeneze liste yenu wenyewe: mashine ya kushona, mabati ya akiba, makinga, bwato. Muulize nani atavibeba, na muombe jibu hilo liandikwe.

Hapa kartye mpya, wiki ya kwanza haijaisha, mnunuzi wa mitraye akasimama mlangoni na mizani yake. Alumini anaijua vizuri: inayeyuka kwenye digri 660, moto wa makaa na mafukuto unatosha, na jioni imekwisha kuwa sufuria. Akasema, "Papa, hii bwato haina tena kazi. Nipime kilo, nikupe makuta sasa hivi."

Baba alimjibu bila kuinuka: "Mutoto, miye siuzishi."

Lakini dada yangu alikuwa nyuma ya mlango. Watoto wake wawili walikuwa wamerudishwa nyumbani kwa sababu ya minervali. Akaniita pembeni. "Yaya, wewe ulisoma kwa motere. Watoto wangu hawawezi kusoma kwa bwato?" Sikuwa na jibu. Aliyeniuliza hakuwa na kosa. Nikamwomba anipe kipindi cha kiangazi tu. Mvua ya kwanza ikikuta bwato haielei, mimi mwenyewe nitamwita mtu wa mizani. Akakubali. Hakufurahi.

Nilianza kwa kukuta kosa langu mwenyewe. Mwaka mmoja mbele ya kuhama, nilikuwa nimeziba matundu mawili kwa riveti nilizotengeneza kwa waya wa mukuba. Hapa Kolwezi nani atakosa mukuba? Sasa kuzunguka kila kichwa chekundu, alumini ilikuwa imegeuka unga mweupe. Niligusa kwa kidole, kidole kikapita upande wa pili. Baba akacheka, kisha akakasirika. "Nani alikuambia kuunganisha hivi viwili? Mukuba unakula alumini."

Na ni kweli, inaelezeka. Metali mbili tofauti zikigusana ndani ya maji, zinafanya kazi kama batri ndogo, na iliyo dhaifu ndiyo inajitoa. Kati ya shaba na alumini, inayojitoa ni alumini. Ndiyo maana pia rangi za bwato zenye shaba ndani, zile za kuzuia majani ya maji kushika, hazipakwi kwenye alumini. Tulikata sehemu iliyooza, tukaweka kiraka cha bati ya alumini na riveti za alumini, na katikati tukapaka mastiki isiyopitisha maji.

Kutafuta mahali panapovuja ni kazi ya watoto, na walifurahi. Tuliiinua bwato juu ya mbao, tukamimina maji ndani, bidoni 8 za litre 20. Msijaze: maji yale tayari ni kilo 160, na mbao zikivunjika mtalia. Watoto walipita chini na chaki, kila tone likapata duara. Tulihesabu maduara 31.

Kukaza riveti kunahitaji watu wawili: mmoja anashikilia chuma kizito kwa nje, mwingine anapiga nyundo kwa ndani. Baba masikio yake yalibaki kwenye kelele za mgodi, kwa hiyo kusemeshana hatukuweza. Tukapatana: akigonga mara moja, nipige, akigonga mara mbili, niache. Siku tatu tulifanya vile, yeye nje mimi ndani, bila kuonana uso. Kwa miaka mingi mimi na baba hatukuwa tumeongea muda mrefu namna ile.

Rangi ya zamani tuliitoa kwa karatasi ya msasa iliyolowa maji. Rangi za miaka ile zinaweza kuwa na risasi, na vumbi lake ni sumu kwa watoto, kwa hiyo tuliwafukuza mbali na tukakusanya uchafu wote ndani ya kiloba. Brosi ya chuma cha kawaida hatukuitumia: inaacha vipande vidogo ambavyo vinashika kutu chini ya rangi.

Shida kubwa ilikuwa apre. Alumini ikikwanguliwa, hewa inaifunika tena mara moja kwa ngozi nyembamba, na rangi ya kawaida haishiki vizuri juu yake. Inahitaji apre ya alumini, ile ya wapaka rangi wa magari, tena ipakwe siku ileile ya kusafisha. Nilituma mtu Lubumbashi. Na vumbi je? Mnajua barabara yetu na makamyo yake. Tuliamka saa kumi ya usiku, tukanyunyizia udongo maji, na kulipopambazuka tukaanza kupaka mbele ya makamyo kuanza. Majirani wa kartye ya zamani walikuja kusaidia. Mmoja alileta nusu kopo ya rangi ya kijani iliyobaki kwenye mlango wake, mlango ambao haupo tena. Ikatosha upande mmoja. Upande wa pili ni bleu.

Mvua ilianza kunguruma wiki moja baada ya rangi kukauka. Tukaipeleka Nzilo juu ya kamyo ndogo. Baba aliingia wa kwanza, akakaa nyuma kama zamani, mkono ukitafuta motere isiyokuwepo. Tulipiga kasia. Bwato ikaelea.

Sasa binamu yetu anavua nayo, na dada anauza samaki sokoni. Mwezi wa kwanza makuta yalitosha minervali ya mtoto mmoja. Ya mtoto wa pili nililipa mimi. Dada bado hajasema kwamba nilikuwa na haki, lakini juzi alinunua kufuli ya kufungia bwato.

Riveti moja ya mbele bado inavuja. Baba hataki niikaze. Anakaa hapo na kikombe chake, anachota maji kidogo kidogo, anayarudisha ziwani.