Mtego Usio na Macho

Mwanangu alipohamia Maskati aliniachia kompyuta yake kuukuu, na ndani yake mchezo uitwao Space Empires IV, uliotolewa mwaka 2000, ulioundwa na kampuni ndogo ya Marekani, Malfador Machinations. Mimi niliyejifunza Kiingereza kwa kamusi na taa ya chemli nikaanza kuusoma mwongozo wake kama nisomavyo utenzi: neno kwa neno, kalamu mkononi.

Mchezo wenyewe huchezwa kwa zamu, kama bao. Kila mchezaji ana dola yake miongoni mwa nyota, na meli haitoki mfumo mmoja wa nyota kwenda mwingine ila kwa kupitia milango maalumu ya angani. Hilo halikunitatiza. Sisi watu wa visiwani twajua kuwa miamba huizunguka pwani na chombo huingia kwa mlango. Aushikaye mlango ameishika bandari.

Kuushika mlango huo kuna silaha mbili za gharama ndogo. Ya kwanza ni bomu la kutegwa. Limefichwa, na adui asiye na meli za kuopoa mabomu hulipukiwa aingiapo tu, kabla mapigano hayajaanza. Ya pili ni setilaiti: ina silaha na ngao lakini haina injini, hivyo husimama pale ilipowekwa kama mlinzi wa lindo. Kila moja ina kasoro yake. Mabomu huisha kwa kulipuka, au huopolewa yote. Setilaiti, kwa kuwa haisogei, hupigwa kwa mbali na adui mwenye silaha za masafa marefu. Basi hekima ni kuziweka pamoja: mabomu yamdhoofishe anayevamia, setilaiti zimmalize, na sayari iliyo nyuma yao ipate wasaa wa kuunda manowari.

Nilicheza hivyo kwa miezi kadhaa, nikawa sivamiki. Kilichonisimamisha hakikuwa adui, bali neno. Nilitaka kuyafasiri yale maelezo ya ulinzi kwa Kiswahili, nikakwama kwenye kitenzi "kutega". Twatega ndege, twatega kitendawili, twatega sikio. Mwenye kutega kitendawili hungoja jibu. Mwenye kutega sikio hungoja sauti. Mwenye kutega bomu hangoji chochote, huenda zake. Setilaiti huona kabla ya kupiga, ilhali bomu halina macho.

Katika mchezo, bomu halimdhuru aliyelitega. Hapo ndipo mchezo unapoachana na dunia yetu. Kule Msumbiji vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikwisha mwaka 1992, lakini nchi haikutangazwa kuwa imesafishwa mabomu ya ardhini hadi mwaka 2015. Kwa miaka 23 amani ilikuwa imetiwa saini, na bomu halikuwa na habari. Ndiyo maana mwaka 1997 mataifa mengi yalitia saini mkataba wa kuyapiga marufuku yale yanayotegewa binadamu. Ubaya wake si ukali peke yake. Ni kwamba hubaki baada ya mtegaji kusahau.

Nilipofika hapo kalamu ilisita. Miaka kadhaa kabla ya safari yake, mwanangu alinisomea shairi lake la kwanza barazani, wageni wakiwapo. Nilimjibu kwamba vina peke yake havimfanyi mtu kuwa mshairi. Nilidhani nailinda sanaa. Wageni wakacheka, kahawa ikaendelea kunywewa, nami nikasahau. Yeye hakunisomea tena kitu.

Jioni ile nilimpigia simu.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Lile shairi ulilonisomea barazani, unalo bado?"

Akanyamaza kitambo. "Lilikuwa na kina kibovu, Baba. Ulisema kweli."

"Sikuulizi kina. Nauliza shairi."

Nilimwambia kuwa neno lile nililitupa bila kumtazama aliyekuwa mbele yangu, na kwamba naomba radhi. Kwa baba wa umri wangu si sentensi nyepesi. Nimefasiri vitabu vizima kwa taabu ndogo kuliko hiyo. Akasema karatasi huenda ikawa ndani ya sanduku fulani, ataitafuta.

Mchezo sijaufuta, ila sijaufungua tangu siku hiyo. Simu naiweka karibu kila baada ya sala ya Isha. Nimetega sikio.