Pamba, Pini na Mgongo wa Bibi

Mtaalamu wa fizio anayesimuliwa hapa alizaliwa Vuga, akasomea kazi yake KCMC, Moshi. Maumivu ya kiuno aliyajua kabla hajasikia neno diski. Vuga, makao ya zamani ya watawala wa ukoo wa Kilindi, ni nchi ya miteremko: kuni, viazi na kabichi hupandishwa na kushushwa vichwani na migongoni, na wabebaji wengi ni wanawake.

Wodini alikuta wagonjwa wanaosubiri kupasuliwa mgongo, wote wakiuliza lilelile: "Nitapona?" Picha ya MRI ilionyesha diski ya mgongo iliyobana neva. Swali haikulijibu.

Ili kulitafutia jibu, akaanza kuipima ngozi: pamba, pini, chupa ya maji ya moto na ya baridi, kisha uma wa chuma unaotetema mara 64 kwa sekunde, wenye mizani ya 0 hadi 8 ya kusomea mgonjwa alipoacha kuhisi mtetemo. Juu ya mguu, kuelekea kidole gumba, ni eneo la neva ya mgongo iitwayo L5. Ukingo wa nje ni wa neva ya S1. Mwaka 2006 watafiti wa Ujerumani walichapisha viwango vya rejea vya vipimo 13 vya namna hii. Vingine vinataka mashine za bei kubwa. Pamba ipo hata zahanati.

Alichokithamini zaidi ni kipimo cha mkandamizo, tena mkononi, mbali na kiuno. Mkono usio na ugonjwa ukiuma kwa kubonyezwa kidogo tu, huenda mfumo mzima wa fahamu umeshapandisha maumivu kama redio iliyofunguliwa sauti, na kuondoa diski si lazima kuishushe. Baadhi ya tafiti zimeona wagonjwa hao wakibaki na maumivu zaidi baada ya upasuaji, nyingine hazikuona. Ndiyo maana hakumzuia mtu kupasuliwa kwa sababu ya namba zake. (Ganzi ya sehemu za siri pamoja na mkojo kukataa kutoka havikusubiri kipimo: hiyo ni dharura.)

Faida ya vipimo aliiona kwenye mazungumzo. Bibi mmoja wa kwao alimwuliza, "Mjukuu wangu, kuni nitabeba tena?"

"Mguu ndio tunaotarajia utulie kwanza baada ya upasuaji, bibi. Kiuno kinaweza kuendelea kusumbua, na ganzi huchelewa kuondoka. Kuni waachie wajukuu."

"Wajukuu wako Dar es Salaam," akajibu bibi, na ikabidi wajadili mizigo midogo midogo na namna ya kuchuchumaa.